Mkono Juu ya Boneti

Msiniulize kama nilimpenda Kingori. Nilimpenda mpaka nikawa mjinga, na anayebisha aje anibishie usoni. Nasema hivyo mapema kwa sababu wako watu hapa Nyeri wanaopenda kueneza ati Wachuka binti ya Wamae hakuwa na moyo, alikuwa na injini. Waliosema hivyo hawakuwepo Mweiga Jumamosi ile ya mwaka 1978. Na waliokuwepo nao hawakuona kitu, walikuwa wanapiga makofi.

Ilikuwa siku ya mashindano ya mwisho wa mwaka ya klabu yetu ya magari. Msifikirie zile mbio kubwa za kukata nchi nzima. Sisi tulikuwa makarani, walimu, wenye maduka na wakulima wa viazi, kila mtu na gari lake la kwendea kazini. Mkulima mmoja wa maziwa alituachia malisho yake ng'ombe wakiwa wamehamishwa, tukapanga mapipa meupe kwenye nyasi, na kila dereva akapita peke yake kati ya mapipa hayo huku saa ikimhesabia. Ukigusa pipa unaongezewa muda. Anayerudi upesi kuliko wenzake amechukua. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Lakini magari hayalingani, kwa hiyo yaligawanywa madaraja matatu. La kwanza lilikuwa la magari yaliyo vilevile yalivyotoka dukani. La tatu lilikuwa la wendawazimu, fungua unachotaka, weka unachotaka. Katikati ndipo tulipokuwa sisi, daraja la pili, magari ya barabarani yaliyoongezwa nguvu, na vita vyote vilikuwa hapo. Kabureta ruhusa kubadilisha, ekzosi ruhusa, springi ruhusa, ila ndani ya injini usibadilishe hata nati. Gari lije uwanjani kwa magurudumu yake lenyewe, na kiti cha nyuma kiwe mahali pake. Nimewaona wanaume wenye wajukuu wakishikana mashati kwa sababu ya kiti cha nyuma.

Klabu ilikuwa na desturi moja ambayo sijaisikia kwingine. Ukimshuku mwenzako huendi kunong'ona kwa wakubwa. Unatoka mbele ya watu wote, kabla injini haijapoa, unaweka mkono juu ya boneti ya gari lake na kukitaja kifaa kwa jina. Huwezi kusema tu kwamba kuna kitu. Ukikosea unafutwa wewe. Ukipata anafutwa yeye, na kama aliyemfungia kifaa hicho ni mwanachama, wote wawili wanafungiwa mwaka mzima. Mkono ulikuwa umewekwa mara chache sana tangu nijiunge, na waliowekeana hawakusalimiana tena, hata kwenye matanga.

Sasa nije kwa baba yangu. Mzee Wamae, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, alikuwa mtu wa neno moja. Mimi nimechukua jina la mama yake, ndiyo maana huniita Maitu, yaani mama, na akiniita Wachuka najua nimemkosea. Kingori alipotuma ujumbe wa kwanza kwamba angependa kuleta wazee wake nyumbani, baba aliuliza jambo moja tu: je, huyu si yule ambaye binti yangu humwacha nyuma kila wakizungushwa kwenye mapipa? Akajibiwa kuwa ndiye. Akasema hawezi kumpa binti yake mwanamume anayekula vumbi lake. Nililia, nikanuna, nikagoma kula mezani naye. Mwishowe akasema atakuja Mweiga ajionee kwa macho yake, kisha atasema la mwisho. Kwa hiyo mnajua nilikuwa nimebeba nini ndani ya gari lile siku ile.

Kusema kweli, mwanzoni sikuwa nikimwacha mtu yeyote. Nilipojiunga na klabu nilikuwa wa mwisho kila mara, mpaka watoto wa Mweiga wakawa wananishangilia kwa huruma. Kingori alikuwa na duka la vipuri Nanyuki na kibanda nyuma yake cha kufungulia magari. Siku moja alininyang'anya ufunguo wa Fiat yangu mkononi mwangu, akasema valvu zinalia na atazirekebisha. Nilishinda hapo nikimpikia mukimo kwenye jiko la makaa, naye akitoa kichwa nje mara kwa mara kunitazama tu, halafu anarudi. Jioni aliniambia gari liko sawa, kilichobaki ni mguu wangu. Tangu siku hiyo nikaanza kupanda. Wa tano, wa tatu, wa pili. Hatimaye nikampita yeye mwenyewe. Nilidhani mapenzi ndiyo yamenifundisha kuendesha.

Asubuhi ile ya Mweiga, daraja la kwanza lilipokuwa likishindana, sisi wa daraja la pili tulisimama kwenye mapipa na bendera mikononi, maana hatukuwa na wafanyakazi, tulisimamiana wenyewe. Mimi na Kingori tuliwekwa pipa moja, kule mbali karibu na ua. Baridi ya milima ya Aberdare ilikuwa inakata. Alivua koti lake akanivisha, akanifunga vifungo mpaka shingoni, na vidole vyake vikakaa kwenye kifungo cha mwisho zaidi ya ilivyohitajika. Nilimtazama, naye akatazama pembeni.

"Leo nipishe, Wachu," akasema.

Nikadhani anatania. Nikamwambia apite tu, barabara ni pana.

"Sitanii. Mzee amekuja. Akiniona nyuma yako leo, mambo yetu yamekwisha. Gusa pipa moja tu, upande wa nyuma huku. Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Mimi sitajali."

"Lakini mimi nitajali. Kingori, unataka kuoa uwongo?"

Akaniambia ni rahisi kwangu kusema. Mama yake, Mama Watiri, alikuwa amechoka kuulizwa sokoni Nanyuki kama mwanawe ndiye anayeolewa. Alikuwa amemwambia waziwazi kuwa hatatoa mbuzi hata mmoja kwa mke wa kumfundisha mwanawe gari. Na leo Mama Watiri naye alikuwa amekuja, amekaa kwenye Escort ya Kingori akijifunika blanketi, akitutazama. Mimi nikamwambia Kingori anishinde kwa haki, na akinishinda nitakuwa wa kwanza kupiga kelele za furaha, tena mbele ya baba. Nikamwambia nampenda awe wa kwanza au wa ishirini. Maneno hayo niliyasema nikiwa nimemshika mkono, na nilikuwa namaanisha kila moja.

Akatabasamu, akasema sawa. Nikaamini ile sawa.

Zamu yetu ilipofika kila mmoja alipewa mizunguko mitatu, na ule bora ndio unaohesabiwa. Kingori aliendesha vizuri, sijapata kumuona akiendesha vile, Escort inateleza nyuma kwenye nyasi na kukamatwa palepale. Katika mzunguko wangu wa pili niligusa pipa, na naapa kwa Mungu sikukusudia. Nilipoegemea usukani kungoja wa tatu nikamuona baba amesimama peke yake kwenye ua, kofia mkononi. Mawazo yakanijia kwamba ningeweza kuachia hapo. Ningesema nimeteleza. Jumamosi ijayo wazee wangekuja, tungekunywa uji, ningekuwa mke wa mtu.

Nikaendesha. Sijui niseme nini zaidi. Ukiwa umeshika usukani na njia iko mbele yako huwezi kujidanganya, mguu haukubali. Nilirudi na kumpita Kingori kwa muda mdogo mno, muda wa kupiga chafya. Watu wakapiga kelele. Nikashuka nikamtafuta kwa macho, kwa sababu ushindi bila yeye ulikuwa hauna ladha, na nikamuona anakuja kwangu kwa hatua ndefu. Nilifungua mikono.

Akanipita. Akaenda mpaka mbele ya gari langu, akaweka mkono juu ya boneti.

Mimi mikono yangu ilikuwa bado imefunguliwa, hilo ndilo ninalokumbuka kuliko yote, nimesimama hivyo mbele ya watu na hakuna wa kukumbatia.

"Naweka pingamizi," Kingori akasema kwa sauti. "Kamshafti."

Kamshafti ni kile chuma chenye matuta kinachofungua na kufunga valvu. Hiyo ndiyo pumzi ya gari. Ukiweka chenye matuta marefu gari linavuta pumzi zaidi, na katika daraja letu huo ni wizi mtupu. Nilicheka. Kwa nini nisingecheka? Nilijua injini yangu haina kitu kigeni. Nikamwambia Mzee Jumaa afungue, afungue yote, na akimaliza Kingori aniombe radhi kwa magoti.

Jumaa Muhammad ndiye aliyekuwa mkaguzi wetu, mtu wa Majengo pale Nyeri mjini, mpole, anayesali sala zake zote na asiyemwonea mtu. Alipanga spana zake juu ya gunia. Watu wakasogea. Baba akasogea. Jumaa alitoa kifuniko, akazungusha injini kwa mkono, akapima, akapima tena. Kisha akaniita nitazame mwenyewe.

"Binti yangu," akasema, "hii haikutoka kiwandani na gari lako."

Nilitazama yale matuta marefu yanayong'aa kwa mafuta, na hapo ikaniingia. Kile kibanda cha Nanyuki. Mukimo. Kile kichwa kilichokuwa kinatoka nje kunitazama. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuifungua injini ile, na mtu pekee duniani aliyeweza kukitaja kifaa kile kwa jina ni yule aliyekifunga kwa mikono yake.

Jumaa akauliza ni nani aliyenifungia. Aliuliza kwa sababu kanuni ilimtaka aulize.

"Muulize aliyeweka mkono," nikasema.

Kukawa na minong'ono. Jumaa akamgeukia Kingori, akamuuliza kama aliwahi kuifungua injini ile. Mimi nilimtazama Kingori machoni, na bado, jamani, bado nilikuwa nangoja. Nilijua angesema. Labda alikuwa amechanganyikiwa, labda hasira ilimpanda, lakini sasa angesema. Naye alinitazama bila kupepesa, kwa macho yale yale.

"Mimi sijawahi kugusa injini ya huyu dada," akasema.

Huyu dada. Mimi niliyevaa koti lake.

Jumaa akamuuliza amejuaje basi. Kingori akasema ameusikia mlio, mtu wa vipuri hujua mlio wa kamshafti, na kwamba amevumilia muda mrefu kwa sababu ya mapenzi lakini haki ni haki. Alisema hivyo, haki ni haki. Nikapaza sauti nikasema ni mwongo, ndiye aliyeifunga, siku fulani kwenye kibanda chake, mimi nikiwa hapo hapo. Nilipomaliza nikajisikia mwenyewe jinsi ninavyosikika. Mwizi amekamatwa na sasa anamtaja mwenzake. Hata mimi nisingeyaamini maneno yangu.

"Wachuka," baba akasema. "Usinitie aibu mara mbili."

Nikamwambia sijadanganya maishani mwangu mbele yake. Akasema mpaka leo. Akasema watu wote wameona chuma kilichotoka kwenye gari langu, na badala ya kuinamisha kichwa namrushia matope kijana wa watu. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile anayoitumia kanisani akiwatoa watu kwenye ushirika.

Hapo Kingori akafanya jambo ambalo mpaka leo siwezi kulisamehe, kuliko hata ule mkono. Alimwendea baba, akavua kofia.

"Mzee, tafadhali usimkaripie," akasema. "Mimi nimemsamehe."

Watu wakapiga makofi. Nawaambia walipiga makofi, mama mmoja akafuta machozi. Baba alimtazama kijana yule kuanzia viatu mpaka nywele, na uso wake ukalegea jinsi nisivyowahi kuuona ukilegea kwa mgeni. Akampa mkono.

"Nilikuwa nimekuhesabu vibaya," akamwambia. "Mwanamume anayeweza kumrudi mwanamke wake mbele ya watu na bado akamhurumia, huyo nampa nyumba. Leta wazee wako Jumamosi."

Mama Watiri akashuka kwenye Escort na blanketi lake, akapiga vigelegele mpaka ng'ombe kule bondeni wakainua vichwa. Akaja akanikumbatia, mara ya kwanza kunigusa, akaniita binti yangu. Akaninong'oneza kwamba kila mwanamke lazima siku moja akatwe kucha, na zangu zimekatwa mapema, nishukuru. Hivyo ndivyo nilivyopata baraka niliyoiombea mwaka mzima. Baba amekubali, mama mkwe amekubali. Nilisimama katikati yao kama maiti aliyealikwa harusini.

Kombe akapewa Kingori. Jumaa akaitoa kamshafti kabisa, kwa maana kifaa cha kosa hubaki na klabu, na gari langu likawa bati tupu lenye viti. Kabla sijaingia ndani yake, mzee yule aliinama dirishani akasema kwamba yeye amesikia magari tangu ujana wake, na mlio ule hakuusikia hata siku moja. Akasema kanuni inataka shahidi, je, niko naye? Nikamwambia shahidi wangu ndiye mwenye kombe. Akatikisa kichwa, akaenda kukusanya spana zake. Mtu mzuri, Jumaa, lakini wema wake haukunisaidia kitu.

Nani mwingine wa kunivuta mpaka Nyeri kama si mchumba wangu? Alileta kamba mwenyewe, akaifunga chini ya gari langu akipiga mluzi. Baba akakaa mbele kwenye Escort pamoja naye. Mama Watiri akakaa nyuma na kombe mapajani. Walikuwa wanakwenda kwetu kunywa chai na kuzungumza habari za Jumamosi. Mimi nilikaa peke yangu nyuma ya usukani wa gari lililokufa, na tukatoka uwanjani hivyo, watu wakipunga mikono, yeye akipiga honi kama magari ya harusi.

Barabarani niliviona visogo vyao vitatu kupitia kioo. Baba alikuwa anacheka. Sijui alikuwa anaambiwa nini, lakini baba yangu hacheki hovyo. Honi ikalia tena tulipopita vibanda vya Mweiga, na wanawake wauza kabichi wakapiga vigelegele bila kujua wanampigia nani. Nilijaribu kufikiria Jumamosi. Nilijaribu kufikiria miaka. Nikamuona akinifunga vifungo vya koti kila asubuhi, na mimi kila asubuhi nikijiuliza leo anafunga nini.

Gari linapovutwa, anayevutwa ana kitu kimoja tu mikononi mwake, nacho ni breki. Tulipoanza kupanda kile kilima cha kwanza baada ya vibanda, nikaikanyaga kwa miguu yote miwili. Kamba ikakaza, ikalia, ikakatika kwa mshindo. Escort ikaruka mbele na kuendelea kupanda. Kingori alipiga honi mara nyingine nzima kabla ya kugundua kuwa hana kitu nyuma yake.

Alisimamisha gari kule juu, akashuka peke yake, akateremka kwa miguu na kipande cha kamba mkononi. Mpaka hapo alikuwa bado anatabasamu. Akasema kamba imekatika, atafunga fundo.

"Nimeikata mimi," nikamwambia kupitia dirishani. "Usifunge."

Alitazama juu kule kwenye Escort, kisha akainama karibu, akashusha sauti. Akaniomba nisilete maneno hapa barabarani, wazee wanatazama. Akasema amefanya yote kwa ajili yetu. Si baba amekubali? Je, kulikuwa na njia nyingine? Alinisihi nimwambie njia nyingine hata moja. Na lililoniuma ni kwamba machozi yalikuwa yanamlengalenga kweli.

"Kwa nini uliifunga ile kitu kwa gari yangu?" nikamuuliza. "Ulitaka kunimaliza tangu zamani?"

"Hapana, Wachu. Nilikuhurumia. Ulikuwa wa mwisho kila wakati, unarudi ukilia. Nikasema nikupe nguvu kidogo, uwe wa nne, wa tatu, ufurahi. Sikujua utanipita."

"Nilikupita kwa mguu wangu."

Alinitazama kwa huruma, huruma ya kweli kabisa, na ndiyo iliyonichinja.

"Siku zote hizi," akasema taratibu, "ulidhani ni mguu yako?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili ili isimfikie usoni. Alikuwa amechukua kombe, amechukua jina langu, amemchukua hata baba, na sasa akanyoosha mkono akachukua na ule mwaka wenyewe, furaha yangu yote ya kuendesha. Sitajua kamwe kama nilikuwa dereva. Hilo amenipokonya mpaka kaburini.

Na bado nilitaka kumpa nafasi. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Nikamwambia sikiliza, Kingori, njia nyingine ilikuwepo. Ungeweka mkono juu ya boneti, ukataja kamshafti, na Mzee Jumaa alipokuuliza ungesema ndiyo, niliifunga mimi, nilimpenda nikakosea.

"Wangetufungia sisi wote wawili," akasema.

"Wangetufungia. Mwaka mzima, mimi na wewe. Ningepanda gari yako tukarudi nyumbani tumefukuzwa, na ningekushikilia mbele ya baba hata kama angenifukuza yeye pia. Ningefungiwa na wewe maisha yangu yote, Kingori, na nisingelalamika."

Nikaona maneno yamemwingia. Uso wake ulibadilika, midomo ikalegea, akawa yule wa kibanda cha Nanyuki, yule niliyempikia. Aliweka mkono wake kwenye mlango wangu. Alifikiri, nilimuona akifikiri, akilipima jambo lile kutoka kila upande kwa moyo mmoja. Kule juu Mama Watiri alikuwa ametoa kichwa nje anatuita.

"Na kombe," Kingori akauliza, "ingeenda kwa nani?"

Nilingoja acheke, nijue ni mzaha. Hakucheka. Alikuwa anangoja jibu. Nikapandisha kioo, akaondoa vidole vyake haraka visibanwe, na nikageuza uso upande wa mashamba ya viazi, kwa sababu nilikuwa nalia, na nilikuwa bado nampenda, na sikutaka ajue.